Beseni la Kuoshea Mpira

Msiniulize nchi hii iko wapi. Nikisema iko kusini, watu wa kusini watanuna. Nikisema iko kaskazini, balozi wao ataniita kunywa naye chai, na chai ya balozi haina sukari ya bure. Tuiite Jamhuri ya Mwavuli, kwa kuwa bendera yake ina mwavuli, na mtu wa mwisho aliyeukosoa mwavuli huo hajaonekana tena kwenye mvua wala kwenye jua.

Mimi ni mtumishi wa serikali katika Idara ya Makofi, kitengo cha viwanja na mapokezi. Kazi yetu ni kupiga makofi ratiba inapoandika "makofi", na kuinamisha vichwa ratiba inapoandika "majonzi". Kwa hiyo haya ninayowasimulia niliyaona kwa macho yangu, mikono ikiwa kazini.

Katika Jamhuri ya Mwavuli kuna watu wa aina mbili, wa Kivulini na wa Juani. Tofauti yao ni ya kisayansi. Ikulu kuna kiti cha mninga anachokalia Rais. Kila mtoto akizaliwa, mkono wake hulinganishwa na kibao kilichokatwa kutoka mguu wa kiti hicho. Ngozi iliyokoza kuliko kibao ni ya Juani, na ile iliyofifia ni ya Kivulini. Rais mwenyewe hakuwahi kupimwa, maana kiti alikuwa amekikalia.

Kivuli kilikuwa chetu sisi wa Kivulini: kivuli cha miti ya barabarani, cha veranda za posta, na cha paa la uwanja wa taifa, ambalo lilifunika upande mmoja tu. Wenzetu walikaa upande wa pili, wakikodolea macho mpira na jua kwa pamoja. Wala hatukuwaonea. Wahenga walishasema mchumia juani hulia kivulini, na Wizara ya Elimu ilifafanua kwamba wahenga walimaanisha watu wawili tofauti.

Tatizo lilianzia golini. Watu wa Kivulini tunapenda mpira kupita kiasi, lakini kipa sharti aanguke chini, na mtu wa Kivulini haanguki; akianguka ameangushwa, na tume lazima iundwe. Kipa wetu wa taifa alikuwa mtoto wa jaji. Alisimama katikati ya goli na kaptura iliyopigwa pasi, akiuangalia mpira ukipita kwa adabu zote. Tulifungwa na kila aliyekuja, hata na timu ya kisiwa kimoja ambayo mabeki wake walicheza na ndala.

Siku hizo paa la jukwaa letu lilikuwa linaongezwa ili kivuli kisiwe haba. Mafundi walikuwa wa Juani, kwa kuwa paa hujengwa kabla kivuli chake hakijafika. Mmoja wao aliitwa Pandu Nyange. Kazi yake ilikuwa kusimama juu na kudaka matofali yaliyorushwa kutoka chini. Alidaka la juu, la chini na la pembeni, hata lile alilorushiwa na mwenzake kwa hasira. Waziri wa Michezo na Vivuli, Mheshimiwa Shauritanga, alikuwa amekuja kutafuta mahali pa kubandika jina lake kwenye paa. Alimtazama yule kijana kwa muda, kisha akasema, "Huyu hapitwi na kitu."

Sheria ilikataza mtu wa Juani kucheza na watu wa Kivulini. Lakini sheria hiyo hiyo ilimruhusu kuingia popote walipo kwa ajili ya kazi ya mikono, kama kupika, kufua na kubeba. Mheshimiwa aliitisha mkutano akalifafanua jambo hilo.

"Ndugu wananchi," alisema, "mpira wa miguu, kama jina lake linavyojieleza bayana, ni wa miguu. Kijana huyu hatatumia miguu. Atatumia mikono. Kwa mantiki hiyo hatacheza, atahudumu. Mtu akikuletea chai sebuleni kwako, je, amekuwa mgeni wako?"

Ratiba iliandika makofi. Tulipiga.

Hivyo ndivyo Pandu alivyoingia timu ya taifa kama mtumishi wa ndani. Jina lake halikuandikwa ubaoni pamoja na majina ya wachezaji, na watangazaji wa redio walikatazwa kulitamka. Alipodaka walisema, "Lango limejilinda." Alipodaka tena walisema lango letu leo lina bahati. Baada ya miezi kadhaa watoto wa mitaani walipocheza mpira, kila mmoja aligombea kuwa Lango.

Lakini kulikuwa na suala la usafi. Mpira ukishashikwa na mikono ya Juani, mguu wa Kivulini utaugusaje? Serikali haikulala. Iliteua Kamishna wa Usafi wa Mpira, Bwana Ngwale, mtu mwenye suti na uso wa msiba. Alikaa kando ya mstari na beseni la bati, mche wa sabuni na taulo. Pandu akidaka, filimbi inalia, watu wanasimama. Bwana Ngwale anaingia taratibu, anauosha mpira, anausuuza, anaufuta mara moja kwa ajili ya heshima, kisha mchezo unaendelea. Kadiri Pandu alivyodaka vizuri ndivyo mchezo ulivyochelewa kwisha. Kuna mechi tuliianza baada ya chakula cha mchana na kuimaliza taa zikiwaka, na Bwana Ngwale alipewa nishani kwa maumivu ya bega.

Naona aibu kusema kwamba tulizoea. Beseni likiingia, sisi wa jukwaa la kivuli tulinunua karanga.

Ila beseni lilikuwa na kazi nyingine ambayo haikukusudiwa. Mpira ulirudi uwanjani umelowa na unateleza kwa sabuni, na mpira wa namna hiyo ndio aliopigiwa Pandu kila siku. Mwanzoni ulimponyoka. Baadaye akajifunza kuupokea kwa kifua na viganja pamoja, akiufunga kabla haujakumbuka kuteleza. Ikafika mahali hakuna kitu chenye maji kilichoweza kumtoka mkononi.

Nahodha wa timu aliitwa Badi, mtoto wa nyumba kubwa. Mama yake mzazi aliugua sana alipojifungua, na maziwa hayakutoka. Jikoni mwa nyumba ile alikuwapo mpishi wa Juani, Bi Sikujua, aliyekuwa na kichanga chake mwenyewe. Kichanga hicho ndicho Pandu. Bi Sikujua aliwanyonyesha wote wawili, huyu titi hili na yule titi lile. Sheria ilikuwa imefikiria mabenchi, mabomba na makaburi, lakini haikuwa imefikiria maziwa. Kwa desturi zetu waliochangia ziwa ni ndugu, hata mmoja hawezi kumwoa dada wa mwenzake. Badi na Pandu walikula sinia moja mpaka Badi alipoanza shule na kupewa sahani yake.

Nyuma ya uwanja kulikuwa na bomba ambako Pandu alibadilishia nguo, kwa sababu chumba cha wachezaji kilikuwa cha wachezaji. Siku moja nilikuwa nyuma ya ukuta wa hapo nikipumzisha viganja. Badi akaja, akaangalia kwanza kulia na kushoto.

"Mama hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Anakuulizia."

"Msalimie sana."

"Anasema salamu zako zimejaa nyumba nzima, hana tena pa kuziweka," Pandu alisema. "Anataka kitu kimoja tu, Badi. Tukishinda, mnapopeana mikono pale kati, na mimi unipe. Yeye anakuwa upande wa jua, anaona. Anasema akishaona hilo hatadai kingine."

Badi alitazama viatu vyake. "Pandu, wewe unanijua. Mimi moyoni sina neno. Lakini nikikushika mkono, Ngwale ataniletea beseni mimi."

"Kwani maji yanauma?"

"Hayaumi. Ila watu wataniona naoshwa."

"Mimi wananiona kila siku," alisema Pandu, akafunga kamba za viatu.

Tulishinda mechi nyingi mwaka ule. Kila filimbi ya mwisho ilipolia wachezaji walikumbatiana katikati, na Pandu alisimama golini akishika mwamba, akiangalia upande wa jua. Huko alikaa Bi Sikujua, kanga kichwani, akingoja.

Tukafika fainali ya Kombe la Majirani, iliyochezwa katika nchi ya jirani, na Idara yetu ikasafiri na timu. Nchi hiyo ina mvua nyingi na haina kibao. Bwana Ngwale alipoingia na beseni lake, mwamuzi wa huko alimsimamisha.

"Mzee, unapeleka wapi hilo?"

"Kuosha mpira."

"Na mvua yote hii?" mwamuzi aliuliza, akamtoa nje. Bwana Ngwale akaenda kukaa ndani ya basi, beseni mapajani, akigoma kwa niaba ya taifa.

Kipa wa wenyeji alikuwa hodari, lakini wa mpira mkavu. Siku ile kila kitu kiliteleza. Yeye mpira ulimtoka kama sabuni bafuni, na kwetu kila shuti liliishia kifuani mwa Pandu, likatulia. Mambo yakafika kwenye penalti. Ya mwisho ilipigwa kwa nguvu ya kutisha. Makipa wengine wangeshukuru kuupangua tu. Pandu aliudaka, akabaki nao chini kwenye tope, akiwa ameukumbatia.

Wenyeji wana desturi ya kumkabidhi kombe mchezaji bora kwanza, naye humpelekea nahodha wake. Kipaza sauti chao kikatamka jina: "Pandu Nyange." Redio yetu ya taifa ilipata hitilafu ya mitambo papo hapo. Lakini kule nyumbani, serikali ilikuwa imetundika skrini kubwa uwanjani ili watu waone ushindi wa Mheshimiwa Shauritanga, na picha haikukatika.

Pandu alitembea na kombe hadi mbele ya Badi, akalinyoosha kwa mikono miwili. Badi hakulipokea. Wala hakukataa. Aligeuza shingo kuelekea mstari wa pembeni, mahali ambapo Bwana Ngwale hutokea, akangoja.

Alikuwa anangoja beseni.

Mvua ilinyesha. Pandu alisimama ameinyoosha mikono, na Badi alisimama ameificha yake mgongoni. Wenyeji mwanzoni walidhani ni ibada yetu, na baadhi yao wakavua kofia. Halafu mmoja akamweleza mwenziwe, mwenziwe akamweleza wa tatu, na uwanja mzima ukanyamaza kwa namna ambayo sisi wa Idara ya Makofi hatujawahi kufundishwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwishowe Pandu aliinama, akaliweka kombe juu ya majani, akarudi nyuma hatua chache. Badi akaliokota hapo chini.

Nyumbani, nilisimuliwa baadaye, Bi Sikujua aliivuta kanga yake mpaka usoni.

"Vipi tena, shoga?" jirani yake alimuuliza. "Mwanao si kashinda?"

"Nimeona aibu."

"Aibu ya nini na mwanao ndiye shujaa?"

"Wote wawili ni wanangu," alisema.

Picha ile ilizunguka dunia. Nchi moja ilifuta mechi yake na sisi, kisha ya pili, kisha zote. Mawaziri wetu waliposafiri, kila walikoalikwa walikuta beseni limewekwa mlangoni. Mheshimiwa Shauritanga alinawa mikono katika miji mikuu mitatu kabla hajaelewa kwamba anachekwa. Aliporudi, Baraza la Mawaziri lilikutana na kukubaliana kuona aibu. Wapo waliopendekeza aibu kali, wapo waliotaka aibu ya awamu. Ikapita aibu ya wastani.

"Napenda kuwajulisha," alisema Mheshimiwa redioni, "kwamba serikali yenu sikivu imeona aibu mapema kuliko serikali nyingine yoyote katika ukanda huu."

Sheria ilifutwa asubuhi. Kufika adhuhuri hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amewahi kuiunga mkono. Jirani yangu, aliyemfukuza dobi wake kwa kupumzika kwenye ngazi yake, alisema siku zote alikuwa akipinga, ila kwa ndani. Iliundwa tume kumtafuta mwenye kosa, ikagundua kwamba ni kibao. Kibao kilichomwa moto hadharani, watu wakishangilia. Kiti hakikuguswa. Bwana Ngwale aliteuliwa Katibu wa Upatanisho kutokana na uzoefu wake wa muda mrefu na pande zote mbili.

Kisha ikatangazwa Siku ya Aibu ya Taifa, uwanjani. Ratiba ilikuwa nzuri: dua, Waziri kuona aibu, kuzinduliwa kwa Beseni la Kumbukumbu, Nahodha na Lango kushikana mikono, makofi, pilau kivulini. Watu wa Juani walikaribishwa kukaa popote. Kwa bahati mbaya viti vya kivulini vilikuwa vimeshakaliwa na waliowahi, yaani sisi, tuliowahi tangu uhuru. Wakakaa walikokaa siku zote.

Mheshimiwa aliona aibu kwa saa nzima. Alitoa leso, akaiweka jichoni, akaitazama kama imelowa. "Najiuliza," alisema, "tulikuwa wapi?" Tulipiga makofi, ingawa tulikuwa pale pale.

Badi na Pandu walisimamishwa katikati ya uwanja, kando ya kijimeza kilichofunikwa kitambaa cha hariri. Chini ya kitambaa lilikuwapo beseni la Bwana Ngwale, pamoja na mche wake wa sabuni. Kabla Waziri hajavuta kamba ya kulizindua, tukamwona mwanamke akishuka kutoka upande wa jua. Kichwani alikuwa na sinia lililofunikwa kawa, na mkononi birika. Askari walitazamana. Siku ya Aibu ni vigumu kumzuia mama wa mtu.

Bi Sikujua alitua sinia lake kwenye nyasi, akaondoa kitambaa cha hariri, akachukua beseni.

"Mama, hiyo ni kumbukumbu ya taifa," alisema Bwana Ngwale.

"Ni beseni, baba. Nina watoto wa kunawisha."

Akachutama, akamwaga maji ya birika ndani yake. Hapo ndipo nilipokumbuka beseni ni kitu gani. Katika nyumba zetu zote, za jua na za kivuli, beseni huzungushwa kabla ya chakula. Mnanawishwa kwa sababu mnaenda kutia mikono katika sinia moja. Hakuna anayemnawisha mtu asiyekula naye. Lilikuwa beseni la kukutanisha mikono, na sisi tulilipeleka uwanjani kuitenganisha.

"Pandu, nawa," alisema. Pandu akapiga magoti, akanawa. Mama hakuyamwaga maji yale.

"Badi, nawa. Maji ni hayo."

Badi aliweka mikono nyuma.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Nawa, mwanangu, wali unapoa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unamtangulia, unammwagia mwenzio maji usoni."

Mheshimiwa alimwinamia Badi. "Ratiba inasema kushikana mikono," alinong'ona, na kipaza sauti kikanong'ona naye. "Haisemi kunawa."

"Wakati nakupa ziwa," alisema Bi Sikujua, bila kupandisha sauti, "hakuna aliyeleta beseni."

Badi alitazama kamera, akatazama paa, akatazama maji. Mikono haikutoka. Upande wa jua watu wote walikuwa wamesimama. Pandu hakumhimiza, alibaki amepiga magoti, viganja vikichuruzika.

Mkuu wetu wa idara akaangalia saa yake. Ratiba ni ratiba. Akainua kidole, nasi tukapiga makofi, ya nguvu, ya kusimama. Serikalini jambo likishapigiwa makofi limeshatendeka. "Nimefarijika sana kushuhudia tukio hili la kihistoria," alisema Mheshimiwa, akaongoza msafara kwenda kivulini kwenye pilau. Kamera zikamfuata.

Mimi nilifika kwenye foleni ya sahani ndipo nikakumbuka nimeacha kofia yangu uwanjani. Nikairudia.

Badi alikuwa amepiga magoti. Mikono yake ilikuwa ndani ya beseni, imelowa hadi juu ya viwiko, na alikuwa akiisugua kwa mche ule ule wa sabuni, akiisugua mpaka povu lilimwagikia nyasi. Alikuwa analia bila kujificha.

"Basi, baba," alisema Bi Sikujua. "Imetakata."

"Bado, mama."

"Imetakata. Wali unapoa."

"Bado, mama," alisema tena, akaendelea kusugua.

Pandu alimwangalia kwa muda. Sikuona msamaha usoni mwake, wala sikuona hasira. Niliona mtu aliyechoka kungoja. Kisha akatia mkono wake ndani ya beseni. Mkono wa Badi ulikuwa na povu, ukataka kukwepa, lakini huyu ni mtu aliyezoea vitu vya maji. Aliudaka, akaufunga, na haukumtoka tena.

Bi Sikujua alitazama ndani ya beseni. Kisha akafunua kawa, harufu ya wali wa nazi na samaki ikatoka. Hapo akaniona, nimesimama na kofia mkononi. Ni desturi yetu: mtu akikukuta unakula, humwachi apite.

"Karibu chakula, baba," alisema, akanisogezea beseni.

Nilitazama yale maji. Nilitazama viganja vyangu, vyekundu kwa makofi.

"Ahsante, mama," nilisema. "Mimi nimeshiba."

Nikavaa kofia yangu, nikarudi kivulini kupanga foleni. Nilikuwa sijala tangu asubuhi.